Nywele za Vibanio: Kuzivua na Kuzihifadhi

Njia hii ya Tabora haikuanza leo kuleta mapambo. Zamani misafara ya kutoka Bagamoyo ilileta shanga na nguo za merikani, ikarudi pwani na pembe za ndovu. Na baada ya reli kufika Tabora mwaka 1912, bidhaa zikawa zashushwa hata katika vituo vidogo kama hiki chetu cha Goweko. Miongoni mwa mapambo ya siku hizi zimo nywele za vibanio, ambazo mwanamke huzibana mwenyewe penye mashina ya nywele zake na kuzibandua apendapo. Akina mama wametuuliza namna ya kuzitunza, nasi twaona haifai kujibu la utunzaji tukaacha la dini.

Ama la dini, imethubutu katika Bukhari na Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) alimlaani mwenye kuunga nywele na mwenye kuungwa, hata mama wa Kiansari ambaye binti yake alipukutika nywele kwa maradhi hakuruhusiwa. Kwa hiyo nywele za binadamu, nazo ndizo za bei kubwa madukani, ni haramu katika madhehebu yetu ya Shafi. Ama visivyokuwa nywele, kama sufi, wanazuoni wamehitilafiana: Imamu Malik alivikataza vyote, na Imamu Laith bin Saad wa Misri aliona kwamba katazo ni la nywele tu. Basi mwenye nywele za plastiki na amwulize mwanachuoni aliye karibu naye, wala asimwachie mwenye duka kumtolea fatwa. Na kumficha mchumba hali ya kichwa chako ni udanganyifu, vyovyote iwavyo.

Yafuatayo ni kwa aliye nazo hizo za plastiki.

Kwanza, zivuliwe. Wema wa kibanio ni kufunguka upesi, basi usiufanye kuwa kazi. Vua kabla ya kutawadha, kwani aliyepaka maji juu ya nywele za kubandika hakupaka kichwa chake, na udhu wake haukutimia. Vua kabla ya kuoga janaba au hedhi, ili maji yafike kwenye ngozi. Vua kabla ya kuingia jikoni, maana plastiki huyeyuka kwa moto. Vua kabla ya kulala, zisisokotane.

Pili, ziwe safi. Zichane kwa chanuo la meno mapana, ukianzia nchani na kupanda juu kidogo kidogo. Zitumbukize katika beseni la maji ya baridi yenye sabuni laini, wala usizifikiche wala kuzikamua kama nguo. Zisuuze, zibonyeze kwa taulo, kisha zilaze kivulini, si juu ya bati lenye jua kali. Vibanio navyo vikauke barabara, visishike kutu.

Tatu, zihifadhiwe. Funga vibanio vyote, zinyooshe, zizungushie kitambaa safi, uziweke katika sanduku, kwani vumbi letu la kiangazi haliachi kitu. Usizitie mbichi ndani ya mfuko wa nailoni, zitavunda. Wala usiziazime hata kwa dada yako, kwa sababu chawa na mapunye huhama kwa njia hiyo.

Hapana shaka utunzaji huu waokoa fedha pia. Mwaka 2019 Serikali ya Tanzania ilizitoza nywele za bandia kodi ya asilimia 25 kwa zitokazo nje, na asilimia 10 kwa zitengenezwazo nchini. Na fedha hiyo hutoka katika matumizi ya nyumba, penye unga na ada za watoto.

Walakini lipo jambo kubwa kuliko fedha. Kibanio kivutacho mahali pamoja kila siku hung'oa nywele za asili, hasa penye paji na panja, na mvuto ukidumu miaka huenda zisiote tena. Badilisha mahali pa kubana, na panapouma usipabane kabisa. Mtume (s.a.w.) ameagiza kwamba mwenye nywele azikirimu, nazo ni hizi zilizoota kichwani mwako. Zioshe, zipake mafuta, zichane, uzisuke pasipo kuzikaza. Zile za sandukuni zikipotea, duka lipo. Hizi hazina duka.

Wallahu aalam.