Nyuma ya mwimbaji kuko watu, nao wapewe heshima

Siku ya mulipo ikifika, ikiwa Kolwezi, Likasi ao Lubumbashi, usiku haupite bila salsa. Trompeti zikilia, hata mzee aliyetoka kazini na mugongo unamuuma anasimama, anamushika mama mukono. Kisha kijana anauliza: "Huyu anaimba njo nani?" Watamujibu: Celia Cruz, Héctor Lavoe, Cheo Feliciano. Ni vizuri wajulikane. Lakini huu wimbo aliuandika nani? Nani alizipangia zile trompeti? Nani alikuwa ku mashini ya kukamata sauti? Pale watu wote wananyamaza. Sisi tunaona kama kule kunyamaza ni deni.

Deni lenyewe linatugusa sisi Wakongo. Tarehe 22 mpaka 24 mwezi wa tisa 1974, Kinshasa ilipokea sikukuu kubwa ya muziki, ile iliyotangulia pigano la Muhammad Ali na George Foreman. Fania All-Stars walitoka New York, Johnny Pacheco akiwa kiongozi wao, na Celia Cruz aliimba "Quimbara" ku Stade du 20 Mai. Wazee wetu wangali wanaizungumuzia mpaka leo. Celia alistahili makelele yote aliyopigiwa. Lakini "Quimbara" iliandikwa na kijana mumoja, jina lake Junior Cepeda. Kati yetu sisi wenye kuicheza, ni wangapi walisikia lile jina?

Tuangalie mwingine, mukubwa wa watu wa nyuma: Catalino Curet Alonso, waliyemuita Tite. Alizaliwa mwaka 1926 mu muji wa Guayama, kisiwa cha Puerto Rico. Alikomalia Santurce, mu mutaa wa Barrio Obrero, maana yake mutaa wa wafanyakazi. Wenye kukomalia mu kambi ya kampuni wanaelewa bila kuelezwa. Huyu bwana alitumika ku posta zaidi ya miaka makumi mbili. Na ndani ya maisha hayo ya kazi na mushahara, aliandika nyimbo zinazohesabiwa karibu 2.000! "La Tirana" ya La Lupe ni yake. "Anacaona" ya Cheo Feliciano ni yake. "Periódico de ayer" ya Héctor Lavoe ni yake. "Las caras lindas" ya Ismael Rivera, wimbo wa kusifu uzuri wa watu weusi, nayo ni yake. Kila mwimbaji alimutengenezea wimbo wa kumufaa, kama fundi wa nguo anayepima mabega mbele ya kukata kitambaa.

Tena mutunzi hayuko peke yake. Wimbo ukitoka kwake ni maneno na sauti tu. Kuko mupangaji, mwenye kuandikia kila chombo njia yake: trombone iingie wapi, piano inyamaze wapi, kwaya ijibu saa gani. Louie Ramírez aliifanya kazi hiyo kwa miaka mingi mu disiki za salsa ya New York. Kuko fundi wa sauti, anayekaa nyuma ya kioo. Jon Fausty alipima sauti mu disiki nyingi za Fania. Ukisikia kila ngoma inaongea peke yake na haifunike mwimbaji, ujue kuko sikio la mutu lililotumika pale.

Sisi wa inchi ya mukuba hatuhitaji kufundishwa maneno haya. Mukuba unatoka hapa kwetu, unakuwa waya mu nyumba ya mutu wa mbali, taa inawaka, na mwenye taa hajue jina la mwenye kushuka mu shimo. Hata mu mugodi wenyewe, kuko mwenye kulinda pompe ya maji, kuko fundi wa umeme, kuko mama nyumbani aliyeamuka usiku kutayarisha chakula. Mumoja wao akikosa, kazi inasimama. Lakini siku ya picha, hawaitwe.

Kuko watakaosema: "Watu wanalipa juu ya kumuona mwimbaji, si juu ya mutu wa nyuma." Ni kweli, sauti njo inabeba wimbo. Hatuombe Celia apunguziwe kitu. Tunaomba mwenye kuandika asisahauliwe, tena asisahauliwe ku feza. Maana heshima ya mudomo tu haijaze chungu. Kuanzia katikati ya miaka ya 1990 mpaka 2009, nyimbo za Tite Curet zilinyamaza ku radio za Puerto Rico, kwa sababu ya mabishano juu ya haki za mutunzi na nani wa kulipwa. Yeye alikufa mwaka 2003, mu muji wa Baltimore. Nyimbo ziliporudi, alikuwa amelala kaburini miaka sita. Leo kuko sanamu yake San Juan, amekaa ku banki kama mutu anayepumzika. Ni sanamu nzuri. Lakini sanamu haisikilize radio.

Mambo yameanza kubadilika. Zawadi za Latin Grammy zilianza mwaka 2000, na kati yao kuko moja, Premio del Consejo Directivo, ya wale waliosaidia muziki kwa njia ingine, si kwa kuimba. Mwaka 2023 wakaongeza zawadi ya mutunzi wa mwaka, na wa kwanza kuipata ni Edgar Barrera. Imekawia, lakini imefika.

Na sisi hapa? Tunaomba mambo matatu. Watangazaji wa radio zetu, mukipiga wimbo, museme jina la mwimbaji na la mutunzi. Haikamate hata dakika moja. Vijana wenye kuandika nyimbo, musiuze wimbo kwa chupa mbili za bia: muandike karatasi, mutie sinyatire, muuandikishe ku SOCODA. Na ninyi wazazi, mutoto akishinda na kaye ya nyimbo, ao akifungua ampli juu ya kuona namna sauti inatoka, musimwambie kama ile si kazi. Curet alivaa nguo ya posta, na dunia inacheza nyimbo zake.

Jina haliongeze uzito ku disiki. Lakini kwa mwenye kutumika, jina na mulipo njo ushahidi kama alipita hapa. Basi apewe vyote viwili angali muzima.