Msaada wa kofia ya baridi uje kabla ya dripu ya kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba unipatie nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nami nitoe dukuduku langu, ambalo nimekaa nalo tangu mwaka 2023. Mimi ni Mtanzania, mzaliwa wa Tanga, na kwa miaka mingi sasa naishi New York, Marekani, ambako kazi yangu ni kuwahudumia wazee majumbani mwao. Najua gazeti hili linasomwa na ndugu wengi wenye jamaa huku nje, na ndiyo maana nimeona niandike hapa.

Mwaka huo niligunduliwa kuwa na saratani ya titi. Siku ya Alhamisi daktari alinieleza kwamba nitapewa tibakemikali kwa dripu, mara sita, kuanzia Jumatatu, na kwamba nywele zitatoka. Sikubisha. Nilipokuwa natoka, muuguzi aliyenijazia fomu alinidokezea, kwa sauti ya chini kama mtu anayeuza sukari ya magendo, kwamba ipo kofia ya baridi ya kuzuia nywele zisitoke, ila bima yangu hailipi. Gharama ya matibabu yote ingekuwa dola 2,000 na ushee. Huo ni mshahara wangu wa wiki tatu, na kodi ya nyumba ilikuwa bado sijalipa.

Kwa faida ya wasomaji wasioifahamu, nieleze kidogo. Dawa za saratani huwinda chembe zinazokua haraka, na mashina ya nywele ni miongoni mwa chembe hizo. Kofia hiyo hupitishwa maji maalumu ya baridi kutoka kwenye mashine. Mgonjwa huvalishwa kiasi cha nusu saa kabla ya dripu, hukaa nayo muda wote dawa inapoingia, na huendelea nayo saa moja na nusu au zaidi baada ya hapo. Baridi hubana mishipa ya damu ya kichwani, dawa ikafika kwenye mashina kwa uchache, na mashina yenyewe yakapunguza kazi. Mashine za namna hii zilizoenea sana zilitokana na familia ya Paxman ya Huddersfield, Uingereza, ambayo biashara yake ilikuwa kupoza bia. Mama wa familia hiyo alipougua saratani na nywele zikamtoka, mumewe akaanza kufikiria kupoza vichwa. Huko Uingereza hospitali nyingi za umma zinazo mashine hizi na mgonjwa halipi kitu. Marekani iliruhusu mashine ya kwanza Desemba 2015, lakini mzigo wa malipo kwa sehemu kubwa uliachwa mabegani mwa mgonjwa.

Jambo kubwa ni kwamba kofia lazima ianze na dripu ya kwanza. Ukiikosa hiyo, nywele huanza kutoka baada ya wiki mbili au tatu, na hapo huna tena cha kupoza. Basi fikiria, ndugu mhariri: nimeambiwa Alhamisi jioni, fomu ya kuomba msaada inataka hati za mshahara na barua ya daktari, na dripu ni Jumatatu asubuhi. Kuahirisha tiba kwa ajili ya fomu nisingeweza, na wala simshauri mtu afanye hivyo. Nilianza bila kofia. Siku ya kumi na saba nilishika kitana, zikaja zote mkononi.

Nilipompigia simu wifi yangu Tanga akaniambia, "Wifi, unahangaika na nywele wakati roho yenyewe iko mashakani? Funga kilemba ushukuru Mungu." Sikumlaumu, maana ndivyo wengi wanavyofikiri, na kilemba nilifunga. Lakini wifi hakuwapo siku mtoto wa bibi niliyekuwa namhudumia aliponikuta jikoni kilemba kimelegea. Aliangalia kichwa changu, akaangalia nyusi zangu zilizokuwa zimepungua, akauliza kwa upole kabisa kama ninaumwa. Baada ya siku tatu nikapigiwa simu na kampuni kwamba familia imeomba mtu mwingine, "mwenye nguvu zaidi." Nguvu nilikuwa nazo, bibi yule nilikuwa namnyanyua kutoka kitandani mwenyewe kila asubuhi. Nilichokosa ni nywele. Mwezi ule saa zangu za kazi zilipungua kiasi kwamba hasara ilipita bei ya kofia.

Hilo ndilo ninalotaka wahusika walielewe. Mwenye nywele huchagua nani ajue kuwa anaumwa na nani asijue. Asiye nazo ameshatangazwa kwa mwajiri, kwa majirani na kwa watoto wa shule wanaosoma na mwanawe. Na cha ajabu, bima ile ile iliyokataa kofia ilikuwa tayari kuchangia wigi! Yaani watakusaidia kununua nywele za mtu mwingine, lakini za kwako mwenyewe hawana fungu.

Sitaki kudanganya kwamba kofia ni dawa ya hakika. Katika majaribio yaliyochapishwa Februari 2017 katika jarida la madaktari la JAMA, wanawake 95 walivalishwa kofia na 48 wakabaki na nywele zao. Kati ya 47 ambao hawakuvalishwa, hakubaki hata mmoja. Ni nusu, basi. Kuna dawa ambazo kofia hazizimudu vizuri, na wenye saratani za damu hawavalishwi. Tena kwetu sisi wenye nywele za kipilipili kuna shida ya ziada. Waliojaribiwa mwanzoni wengi wao walikuwa wazungu. Utafiti mdogo wa wanawake weusi uliochapishwa mwaka 2021 ulisimamishwa mapema kwa sababu karibu wote nywele ziliwatoka. Nywele zetu ni nzito, zinainua kofia na kuacha hewa katikati, na baridi haifiki kwenye ngozi.

Hata hivyo, mwaka uliofuata mwenzangu wa kazini, dada wa Kikongo kutoka Bukavu, alipata ugonjwa kama wangu. Nilimwambia siku ile ile aliyopewa majibu, kabla hata hajapangiwa dripu: uliza kofia leo, jaza fomu leo. Vipo vyama vya hisani vya kusaidia wenye kipato kidogo. Kimoja, HairToStay, kilichoanzishwa mwaka 2016, kazi yake ni hiyo tu. Dada huyo aliomba, akakubaliwa sehemu kubwa ya gharama, na iliyobaki tulichangishana kazini. Kila jioni ya kuamkia dripu nilikuwa namsuka twende kilioni, mistari myembamba iliyolala kichwani, tukailowesha maji na mafuta ya nywele ili kofia igande vizuri. Zilimpungua juu ya utosi, lakini zaidi ya nusu zilibaki. Hakukosa kazi hata wiki moja, na wazee wake hawakujua kitu mpaka alipowaambia mwenyewe.

Kuanzia Januari 1, 2026, sheria ya jimbo la New York inazitaka bima za makundi makubwa ya wafanyakazi zilipie kofia hizi. Nilifurahi kusikia. Lakini sheria inasema makundi makubwa, na akina sisi wengi tumeajiriwa na kampuni ndogo au tunajinunulia bima wenyewe. Kwa hiyo fomu za hisani bado tutazihitaji, na hospitali zinapaswa kuzitoa siku mgonjwa anapoelezwa ugonjwa wake, kwa sauti ya kawaida, pamoja na mtu wa kumsaidia kuzijaza. Tena msaada huo uhesabu na msusi anayejua nywele zetu. Kumlipia mtu kofia ambayo haitamkaa kichwani ni kutupa fedha.

Kwa upande wa nyumbani, sisemi Ocean Road iache kununua dawa ikanunue kofia. Mgonjwa anayetafuta nauli ya kutoka Kigoma kufuata matibabu Dar es Salaam asaidiwe nauli kwanza. Hapo mimi na wifi tunakubaliana.

Ninaowasema ni sisi tulioko huku. Vyama vyetu vya Watanzania huchangisha haraka sana mtu akishakufa, na maelfu ya dola hupatikana kwa siku mbili kusafirisha mwili. Mimi mwaka ule niliona aibu kuomba mchango wa nywele, nikanyamaza, na hakuna aliyeuliza. Mkutano wa chama chetu ni mwezi ujao. Nimeshamwandikia katibu kuomba suala la wagonjwa walio hai liingizwe kwenye ajenda, na kwamba fomu hizo ziwepo kwa Kiswahili, mkononi mwa mtu mmoja anayejulikana kwa namba ya simu. Bado sijajibiwa.

Mhudumu wa Wazee,
Bronx, New York.