Maneno Mawili Yenye Nyuso Mbili

Mwezi huu tulipokuwa tumekaa barazani hapa Mtoni baada ya sala ya Alasiri, mwanachama mmoja aliye karani wa bohari alitusomea barua aliyoipata kwa mkuu wake. Mabati kadha yalikuwa yamepotea, naye alipotakiwa maelezo alijibu kwa Kiingereza kwamba "oversight" ya bohari ile ilikuwa yake. Alikusudia kusema kuwa yeye ndiye msimamizi. Mkuu wake akafahamu kuwa amekiri uzembe, na thamani ya mabati ikaanza kukatwa katika mshahara wake.

Hatukuona vema kumcheka, maana wengi wetu tungaliweza kutumbukia katika shimo lile lile. Neno hilo limejengwa kwa maneno mawili, "over", yaani juu, na "sight", yaani kuona. Atazamaye kutoka juu huona yote, na huo ndio usimamizi. Lakini macho yaweza pia kupita juu ya jambo yasilione, na huko ni kughafilika. Ukiandika "under my oversight" umesema "chini ya usimamizi wangu". Ukiandika "by my oversight" umesema "kwa kughafilika kwangu". Basi neno dogo lililotangulia ndilo lichukualo mshahara wa mtu.

Ndugu yake neno hilo ni "sanction". Asili yake ni Kilatini, na maana yake ya kwanza ni kulithibitisha jambo kwa nguvu ya sheria. Katika shina hilo yalichipuka matawi mawili: idhini itolewayo na mwenye mamlaka, na adhabu imfikayo mwenye kuvunja sheria. Katika majalada ya ofisi twalikuta zaidi lile tawi la kwanza, matumizi ya fedha yakiisha kuidhinishwa. Nje ya ofisi twalikuta la pili.

Italia ilipoishambulia Habeshi mwezi wa Oktoba 1935, Shirikisho la Mataifa kule Geneva liliiwekea "sanctions" kuanzia tarehe 18 Novemba. Karani aliyelijua neno hilo katika majalada tu angalidhani kwamba Italia imepewa idhini ya vita. Sivyo, ilikuwa adhabu ya kuzuiliwa biashara. Lakini mafuta hayakutiwa katika orodha ya vitu vilivyozuiwa, wala mfereji wa Suez haukufungwa. Addis Ababa ikatekwa mwezi wa Mei 1936, na mwezi wa Julai adhabu ile ikaondolewa. Watu wa Habeshi walikuwa na haki ya kuuliza ni maana ipi iliyokusudiwa.

Tusidhani kwamba Kiingereza peke yake ndicho chenye mitego. Sisi husema "kuazima", na neno hilo humfaa atoaye na apokeaye. Lakini mtoto wa Unguja hapotei, kwa kuwa amezaliwa ndani ya lugha na maneno yanayolizunguka humwonyesha njia. Sisi Kiingereza tumekipata darasani, neno moja na maana moja, na ile maana ya pili hutungoja kazini.

Kwa hivi twatoa shauri. Anayetaka kusema usimamizi na aandike "supervision", na kughafilika akuite "omission". Idhini na iwe "approval", na adhabu "penalty". Maneno haya hayana nyuso mbili kama yale.

Na kwa wakuu wa ofisi tuna ombi moja. Jibu lolote litakalogusa riziki ya mtu lipokewe pia kwa Kiswahili, yawekwe mawili pamoja. Kiunguja chetu ndicho kilichochaguliwa katika mkutano wa Mombasa mwaka 1928 kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Hakishindwi kueleza habari za mabati.

Mwenzetu amekwisha andika barua ya pili kueleza alilokusudia. Mpaka tunapoandika haya hajajibiwa, na makato yanaendelea. Kabla hujatia sahihi, mwulize aliye karibu nawe. Kuuliza si ujinga.