Nyumba za Kupanga Zimemsahau Mzee

Katika mijadala yetu kuhusu makazi ya mijini ipo dhana isiyohojiwa, kwamba mtu akizeeka huwa tayari ana kwake. Kwa dhana hiyo mwenye nyumba hujenga akimfikiria kijana anayeanza maisha, na dalali humtafuta mwenye mshahara. Lakini miji yetu imejaa wazee wapangaji: mjane aliyedhulumiwa nyumba na ndugu wa marehemu mumewe, mama lishe aliyezeekea Manzese, mtumishi wa umma aliyestaafu akiwa na miaka 60 huku kiwanja chake kingali na msingi tu.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa ni mtu mwenye umri wa miaka 60 au zaidi. Nyumba zetu hazimtambui. Itazame nyumba ya kawaida ya vyumba sita jijini Dar es Salaam: korido yenye giza, choo cha kuchuchumaa uani, bafu la marumaru zinazoteleza zikilowa. Kwa kijana hizo ni kero ndogo. Mtu mwenye magoti mabovu anaweza kuvunjika nyonga akienda msalani usiku.

Marekebisho yanayohitajika si anasa. Bomba la chuma la kushikilia kando ya choo, choo cha kukaa, taa ya uani, sakafu isiyoteleza, na mteremko mahali pa ngazi za mlangoni ni kazi za fundi wa mtaani. Faida yake ni mpangaji anayedumu. Kijana huhama kufuata kazi, na chumba hubaki kitupu. Mzee hung'ang'ania zahanati yake, msikiti au kanisa lake, na majirani waliomzoea.

Hata hivyo, kikwazo kikubwa zaidi kimo katika mkataba. Pensheni hulipwa kwa mwezi, ilhali kodi ya pango hudaiwa ya miezi sita au mwaka mzima. Tangu sheria ya udhibiti wa kodi ya pango ilipofutwa mwaka 2005, masharti hayo yameachiwa soko, na sokoni mzee hana nguvu. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kuwalipa pensheni wazee waliofikisha miaka 70, hatua ya kupongezwa. Lakini fedha ya kila mwezi haimsaidii sana anayedaiwa kodi ya nusu mwaka kwa mkupuo.

Wapo watakaosema mzee ni jukumu la wanawe. Ni kweli, ila wanawe wengi nao wamepanga chumba kimoja. Wenye nyumba nao huhofia maradhi, na aibu ya kumtoa mzee anaposhindwa kulipa. Hofu hiyo ina dawa: mtoto au ndugu atie saini kama mdhamini.

Napendekeza mambo matatu. Sheria impe mpangaji mwenye miaka 60 na kuendelea haki ya kulipa kodi kwa mwezi. Halmashauri zidai vyoo na njia zinazofaa kwa wazee kabla ya kutoa vibali vya ujenzi wa nyumba za kupangisha. Shirika la Nyumba la Taifa, lililoanzishwa mwaka 1962, liwatengee wazee nyumba za chini katika maghorofa yake.

Mtumishi wa umma unayesoma haya ukiwa umepanga, hesabu miaka iliyobaki kabla hujafikisha 60, kisha kitazame choo unachokitumia.