Mashine ya upepo inapeleka mavumbi kwa nani?

Siku hizi ukipita kwenye lavaji za Kolwezi, kuanzia barabara ya Likasi mupaka upande wa Manika, utasikia mulio mumoja: mashine ya upepo. Motokari inaoshwa kwa mukono, na ndoo na sabuni, sawa vile zamani. Lakini kitambaa cha kukaushia kimewekwa pembeni. Kijana anashika bomba, anabonyeza, maji yanakimbia juu ya bati mupaka chini. Mwenye motokari anafurahi juu hakuna kitambaa kilichogusa rangi yake. Mwenye lavaji anafurahi juu kwa saa moja motokari nyingi zinatoka. Kijana naye anafurahi, mikono yake imepumuzika.

Mimi nina swali moja tu. Yale mavumbi yaliyokuwa kwenye motokari yameenda wapi?

Kila ninapouliza, ninajibiwa: "Muandishi, ni upepo tu." Ndugu wasikilizaji na wasomaji, hilo jibu ndilo limenifanya niandike. Kwetu Lualaba hakuna upepo ambao ni upepo tu, zaidi sana wakati wa kiangazi, tangu mwezi wa tano mupaka wa tisa, wakati hata majani ya miembe yanageuka rangi ya udongo.

Kwanza nitoe haki kwa wale ninaobishana nao. Mashine hiyo ina faida, na mutu anayeikataa kabisa hajawahi kufanya kazi ya kuosha motokari. Kitambaa kikianguka chini mara moja, kinaokota muchanga, na ule muchanga unachora rangi mistari midogo ya muviringo ambayo utaiona jua likipiga. Ukiiacha motokari ikauke yenyewe juani, maji ya visima vyetu yanaacha madoa meupe. Na kuna mahali ambapo kitambaa hakifiki: nyuma ya vioo vya pembeni, ndani ya mishikio ya milango, kwenye nati za magurudumu. Maji yanabaki pale, unafikiri umemaliza, kisha motokari inaondoka na mistari ya maji inashuka mulangoni. Upepo unayatoa yote. Sawa.

Lakini mafundi walioanzisha namna hiyo ya kukausha wanaifanya mahali pa saruji, penye paa na kuta, na mashine yenye chujio pale inapovutia hewa. Kuhusu hilo chujio hakuna mutu anayesema kitu hapa kwetu. Mashine haiumbi upepo. Inavuta ule uliopo, inautupa kwa nguvu. Kama imewekwa chini kwenye udongo mwekundu, mita tano na barabara ya makamyo, inavuta mavumbi upande huu na kuyatupa upande ule, juu ya rangi iliyolowa. Kwa hiyo hata mwenye motokari anadanganywa. Analipia usafi, anapewa mavumbi mapya yaliyonatishwa na maji.

Hilo ni hasara ya mwenye motokari, atajitetea mwenyewe. Linaloniuma ni lingine.

Upepo hautumiwi tu kwa kukausha maji. Angalia vizuri wanavyofanya. Motokari inaingia kutoka mugodini, nyeupe iliyogeuka kahawia. Mashine ya injini haimwagiwi maji, juu wanaogopa waya za umeme. Inapulizwa ikiwa kavu. Mazulia ya miguuni yanatandikwa kwenye ukuta wa jirani, yanapulizwa yakiwa makavu. Viti, sanduku la nyuma, chini ya viti ambako buti za mufanyakazi zimekanyaga muchana kutwa, vyote vikavu. Wingu linapanda, linavuka ukuta, linashuka kwenye lupango la pili. Pale kuna mama ameanika bukari juani, kuna ndoo ya maji isiyofunikwa, kuna mutoto wa miaka miwili anayetambaa chini na kuweka mikono mudomoni.

Na lile wingu limebeba nini? Hapa tusiseme kwa kubahatisha, juu kazi imekwisha kufanywa na watu wetu wenyewe. Mwaka 2009, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walionyesha kwamba watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya madini katika Katanga walikuwa na kobalti nyingi sana katika mukojo. Mwaka 2018 wakatoa utafiti mwingine, safari hii juu ya Kasulo, kartie yetu hapa Kolwezi. Wakazi wa Kasulo walikuwa na kobalti nyingi katika damu na mukojo kuliko watu wa kartie ya jirani isiyochimbwa, na watoto ndio walizidi. Kwa watoto walikuta hata alama za kuharibika kwa chembe zile za ndani kabisa zinazobeba urithi wa mwili. Mavumbi ya ndani ya nyumba yalipimwa pia: yalikuwa na kobalti, yalikuwa na uraniamu. Mwaka 2020 ukaja wa tatu, uliofanywa Lubumbashi kuhusu watoto wanaozaliwa na kilema. Hatari ilionekana kubwa zaidi kwa watoto ambao baba zao wanafanya kazi zinazohusu madini. Si mama aliyeshuka shimoni. Ni baba, na kazi yake.

Sasa mutu aniambie tena kwamba ni upepo tu.

Najua kuna wasomaji watakaosema kwamba kamyo moja inayobeba madini kwenda Kasumbalesa inainua mavumbi mengi kuliko lavaji kumi. Ni kweli, na kuhusu makamyo tumesema na tutasema. Lakini kuna tofauti. Mavumbi ya barabara yanaangukia kila mutu, tajiri na masikini, hata mukubwa aliyefunga vioo. Mavumbi ya mashine yanachukuliwa kwenye motokari ya mutu mumoja na kuwekwa kwenye lupango la mutu mwingine anayejulikana. Barabara haikuchagua. Kijana mwenye bomba amechagua upande wa kuelekeza, na siku zote anaelekeza mbali na mukubwa anayengoja kwenye kiti. Anaelekeza kwa jirani.

Na jirani ni nani? Lavaji zinafunguliwa pembeni ya barabara kubwa, ambako nyumba za kupanga ni za bei ndogo. Pale ndipo wamefikia wengi wa ninyi munaotusikiliza. Kuna waliotoka Kasulo, sehemu ile iliyozungushiwa ukuta mwaka 2017. Kuna waliotoka Cité Gécamines, ambako mugodi wa Musonoie unaendelea kula nyumba. Ripoti ya Amnesty International ya mwezi wa tisa 2023 ilieleza namna familia zilivyoondolewa hapo. Kuna waliotoka Kasai wakitafuta maisha, wengine wakirudi mahali ambapo wazazi wao walifukuzwa katika miaka ya 1992 na 1993. Familia iliyoondolewa juu ya kobalti iliyo chini ya nyumba yake, leo inaletewa kobalti ile ile juu ya ukuta wake, bure, kila Jumamosi. Nikisema hivyo watu wanacheka. Mimi sioni cha kuchekesha.

Vijana wa lavaji siwaiti adui. Wengi wao ni watoto wa familia hizo hizo. Hapo ndipo neno la kazi linapoingia, juu wenye lavaji wananiambia: "Ukitupinga, unaua kazi ya vijana." Hebu tuhesabu. Zamani motokari moja ilikuwa na vijana watatu: mumoja wa sabuni, wawili wa vitambaa. Mashine imeingia, wa vitambaa wamerudi nyumbani, na aliyebaki anafanya kazi ya watatu. Malipo yake hayajawa ya watatu. Kazi ya vijana iliuawa siku kompresa iliponunuliwa, na aliyeinunua sikuwa mimi.

Tena yule aliyebaki anafanya kazi bila kinga ya macho, ya masikio wala ya pua. Kompresa ya kujaza upepo kwenye mipira inafika bar 8 bila shida. Huko Marekani, sheria ya usalama kazini inakataza kusafisha na upepo wa kompresa unaopita nguvu ya 30 psi, ndiyo bar 2 hivi, na hata chini ya hapo inadai kinga. Sababu ni kwamba upepo wa nguvu unaweza kurusha kajiwe katika jicho, unaweza kupasua ngozi ya sikio, na ukipita kwenye kidonda unaweza kuingia chini ya ngozi. Kwetu vijana wanapulizana nguo wakimaliza kazi, wanapulizana hata masikioni kwa muchezo. Nimewakataza, wakanicheka. Muzee mwenye lavaji alikuwa amekaa pale pale, naye akacheka.

Lakini tukiishia kwa kijana na kwa muzee wa lavaji, tutakuwa tumepiga mutu mudogo na kumuacha mukubwa. Motokari nyeupe inatoka wapi? Inatoka mugodini, ya kampuni au ya yule aliyepewa kazi na kampuni, na mulangoni wanaidai iwe safi asubuhi. Migodi mikubwa duniani inajua kuosha magurudumu na chasi kabla motokari haijavuka mulango. Kuna sehemu maalum za kazi hiyo, zenye maji yanayokusanywa na kutumiwa tena. Kampuni inayoweza kutoa shaba chini ya mamia ya mita haishindwi kuosha pikapu. Uchafu wa mugodi uoshwe mugodini. Ukiachwa uje muji, unaoshwa na mutoto wa mutu kwa pesa ya bukari, na maji machafu yanaingia katika mufereji ambao mwisho wake sisi wote tunaujua.

Pesa? Sheria ya madini iliyorekebishwa mwezi wa tatu 2018 inagawanya malipo ya migodi: 50% kwa serikali ya Kinshasa, 25% kwa jimbo, 15% kwa muji, komini, sekta au sheferi ambako mugodi unafanya kazi, na 10% kwa mufuko wa vizazi vijavyo. Juu yake kuna 0.3% ya mauzo ambayo kila kampuni inayochimba inapaswa kutoa kwa maendeleo ya jamii inayoizunguka. Sehemu ya saruji yenye mufereji na ukuta, kwa kila kartie, si mulima kwa pesa hizo. Na kifungu cha 53 cha Katiba yetu kinasema kila mutu ana haki ya kuishi katika mazingira yenye afya. Kifungu hicho hakikuandika "isipokuwa jirani wa lavaji".

Kwa hiyo tunaomba nini kwa mabugumestri wa Dilala na Manika? Hatuombi mashine zikamatwe. Tunajua namna kukamata kunavyofanyika: asubuhi wanachukua kompresa, jioni inarudi na mwenyewe amelipa. Tunaomba maneno machache yaandikwe na kufuatwa. Upepo utumiwe tu kwenye motokari iliyokwisha kusuuzwa vizuri na ingali na maji. Injini, mazulia na ndani visipulizwe vikiwa vikavu. Vipanguswe na kitambaa kilicholoweshwa, na hapo wale vijana wawili wa vitambaa watapata kazi tena. Ardhi ya lavaji iwe saruji, na mahali ambapo saruji haijafika, imwagiwe maji kabla ya kuwasha mashine. Bomba lisielekezwe kwenye nyumba ya mutu. Kijana apewe miwani, vizibo vya masikio na kinga ya pua, na anayelipa awe mwenye mashine.

Kwa mama zetu wanaoishi karibu na lavaji, musingojee bugumestri. Funikeni ndoo za maji. Unga muuanike upande mwingine wa nyumba. Ndani musifagie pakavu; pitisheni kitambaa chenye maji, juu ufagio nao ni mashine ya upepo, ndogo tu. Baba akitoka mugodini, viatu na nguo za kazi vibaki nje, na zisifuliwe pamoja na nguo za mutoto. Mutoto anawe mikono kabla ya kula, hata kama ni kipande cha mukate tu.

Nimewaalika wenye lavaji waje kujibu hewani. Wawili wamekubali, kwa sharti kwamba na mutu wa kampuni awe amekaa kwenye meza. Sharti lao ni la haki. Barua nimepeleka kwenye milango mitatu ya migodi, na mupaka naandika haya, walinzi wamepokea, wamepiga muhuri, basi. Munaoishi ng'ambo ya ukuta wa lavaji, tumeni jina la kartie yenu na saa ambazo mashine inapulizwa kwenye nambari ile ile ya kituo. Wakija tutawasomea.