Wimbi Safi Halichorwi Ubaoni

Wapo walimu wa fizikia, na wengine wao wamepita mikononi mwetu katika vyuo vya ualimu, wanaoamini kwamba wimbi la saini ni mchoro. Humchorea mwanafunzi mstari unaopanda na kushuka, humwandikia fomula, kisha humwambia, "Hili ndilo wimbi safi." Kengele ikilia, wimbi hufutwa pamoja na chaki. Nasema waziwazi: mwalimu wa namna hiyo hajafundisha wimbi, amefundisha kuchora. Na saini ninayoitaja, ndugu msomaji, si ile itiwayo kwenye hati, bali ni ile ya hesabu za pembetatu.

Sauti ya saini ni mtetemo mmoja usiochanganyika na mwingine. Mfaransa Fourier, katika kitabu chake cha mwaka 1822, alionyesha kwamba mtetemo unaojirudia waweza kujengwa kwa kujumlisha mawimbi ya saini. Sauti ya zumari ni jumla. Saini ni moja. Mtu anayeijua jumla bila kuijua moja, amejua nini?

Chombo kinachofundisha jambo hili vizuri ni sinthesaiza ya moduli, ya aina waliyoiunda Robert Moog na Don Buchla huko Marekani katika miaka ya 1960. Ndani yake mna osileta, yaani saketi inayozalisha mtetemo wa umeme. Noti yake hupandishwa kwa volti: katika mtindo wa Moog, kila volti moja inayoongezwa huzidisha mitetemo mara mbili. Lakini osileta nyingi za aina hiyo hazizai saini. Kazi yake ni kujaza kapasita umeme na kuumwaga, na kujaza kwa mwendo ulio sawa huzaa mstari ulionyooka. Kwa hiyo hutoka wimbi la meno ya msumeno, au la pembetatu. Saini sharti itolewe humo kwa jasho.

Wimbi la pembetatu hubeba, juu ya mtetemo wa msingi, mitetemo ya witiri tu: wa tatu kwa kimo cha 1/9, wa tano kwa 1/25, na kuendelea. Ukipiga noti ya mitetemo 220 kwa sekunde, ndani yake imejificha ya 660. Fundi hulipitisha wimbi hilo katika dayodi, au katika jozi ya transista zilizolemewa kidogo, ncha zake zikabonyea na kuwa mviringo. Pana skrubu mbili za kurekebisha: moja ya kulinganisha nusu ya juu na ya chini, nyingine ya kiasi cha kubonyeza. Ukipunguza, ncha hubaki. Ukizidisha, vichwa hutandaa kama meza. Ukipata kipimo chake, uchafu hushuka kutoka asilimia 12 hivi hadi kama asilimia 1. Hiyo moja iliyobaki humsumbua fundi kuliko zote zilizotangulia.

Njia ya pili ni chujio. Lakini noti ikipanda na chujio lisipande nayo, saini yenyewe hufifia. Noti ikishuka, uchafu hupenya. Njia ya tatu aliitumia William Hewlett katika Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1939: aliweka balbu ndogo ndani ya osileta yake. Uzi wa balbu ukipata moto huzidi kuuzuia umeme, na kimo cha wimbi hujituliza chenyewe. Saini yake ni safi sana, ila noti hubadilishwa kwa kuzungusha kitufe. Haitii volti kwa wepesi. Kila njia ina gharama yake, na kuzipima gharama hizo ndiyo fizikia yenyewe.

Najua majibu nitakayopewa. La kwanza: "Hatuna vifaa." Brian Bamanya wa Kampala, ajulikanaye kama Afrorack, alipoona bei ya sinthesaiza hizi haimudu, aliziunda kwa mikono yake, na mwaka 2022 akatoa albamu ya muziki wake. Transista na dayodi zimejaa katika redio mbovu za kila mtaa. Kama huna osiloskopu, vaa spika za masikioni, shusha noti iwe nzito, kisha zungusha skrubu mpaka mkwaruzo uishe na ibaki sauti kama ya mtu apulizaye mdomo wa chupa.

La pili: "Simu hutoa saini safi kwa kubonyeza tu." Ni kweli, tena safi kuliko ya saketi hizo. Lakini mwanafunzi aliyebonyeza hajui uchafu ulikuwa wapi wala uliondokaje. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

La tatu ndilo linaloniudhi: "Hayo ni mambo ya wapiga muziki, yatatusaidia nini?" Hapa kwetu Kasingirima jirani yangu mmoja, muuza dagaa, alinunua inveta ya sola aliyoambiwa ni ya saini safi. Feni ikaunguruma na kuchemka. "Mwalimu, hii feni imekufa?" aliniuliza. Feni ilikuwa nzima. Inveta ndiyo iliyokuwa ikitoa wimbi la ngazi-ngazi, na mota hailipendi wimbi hilo. Walimu wawili wa fizikia walikuwapo barazani, wenye vyeti vyao, na hakuna aliyeweza kumweleza. Saini walikuwa wameichora mara mia. Hawakuwahi kuisikia ikichafuka. Muuza dagaa alilipa fedha zake kwa ujinga tuliowahitimisha nao.

Hatuwezi kuwalaumu wao peke yao. Sisi wakufunzi ndio tuliozoea shule zisizo na maabara, na mtihani wa karatasi uliowekwa badala ya vitendo, mpaka tukadhani karatasi ni vitendo. Basi nasema na wanaoviongoza vyuo vya ualimu leo: asihitimu mwalimu wa fizikia kabla hajaunda osileta moja, akaisikiliza ikikwaruza, akaisafisha kwa mkono wake, na akaeleza mbele ya wenzake kwa nini haikusafika kabisa.