Magofu ya Kilwa na Simulizi za Mwongoza Wageni

Watalii sita au saba huvushwa kwa mashua kutoka Kilwa Masoko hadi Kilwa Kisiwani, kisha hupitishwa Gereza, Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa. Kila penye jiwe huambiwa: hapa walijenga Washirazi, pale Waarabu, kule Wareno. Je, mwenyeji alikuwa wapi? Alikaa akitazama tu?

Huo si ukweli wa historia. Wachimbuzi wa mambo ya kale walikuta, chini ya mawe hayo, masalio ya nyumba za udongo na vyungu vya kienyeji. Naye Ibn Battuta, aliyefika mwaka 1331, aliandika kwamba wengi wa wakazi walikuwa watu weusi wenye chale usoni. Hatukatai kuwa wageni walikuja, wakaoa, wakaleta dini na maandishi. Sarafu za shaba za Kilwa zina maneno ya Kiarabu, tena yenye vina, jambo ambalo mshairi hawezi kulipita kimya. Lakini matumbawe yalikatwa baharini na nani? Chokaa ilichomwa na nani? Boriti za mikoko zilibebwa kwa mabega ya nani?

Mwongoza wageni hakuyazua hayo. Aliyarithi katika vitabu vya wakoloni, ambao hawakupenda kukiri kwamba Mwafrika aliweza kujenga mji. Basi walimu wa historia wakae naye, wayaandike upya maelezo hayo, na wanafunzi wa Kilwa wapewe nafasi katika mashua ileile kabla haijang'oa nanga.